Gharama ya Mwanafunzi Mmoja: Historia ya Kipimo cha Kihasibu na Msamiati Wake katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya dhana ya gharama ya mwanafunzi mmoja katika vyuo vikuu visivyolenga faida vya Afrika Mashariki, tangu enzi ya vyuo vishiriki vilivyofungamana na Chuo Kikuu cha London hadi mifumo ya ufadhili ya miaka ya karibuni. Hoja yake ni kwamba tarakimu inayoitwa kwa jina hilo imekuwa ikijibu maswali tofauti katika vipindi tofauti, na kwamba msamiati wa Kiswahili uliotumika kuieleza kwa umma, hasa kitenzi kuchangia, umeficha tofauti hizo. Makala inaonyesha pia namna uchaguzi wa njia ya kugawa gharama unavyoweza kuifanya idara yenye wanafunzi wengi ionekane kuwa mzigo, na inatumia idara ya Kiswahili kuwa mfano.

Utangulizi

Tarehe 21 Agosti 1964 Mwalimu Julius Nyerere alizindua majengo mapya ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Katika hotuba yake aliweka tarakimu mbili bega kwa bega. Pato la wastani la mtu mmoja nchini lilikuwa pauni 19 na shilingi 6 kwa mwaka. Kumweka mwanafunzi mmoja chuoni kungegharimu takriban pauni 1,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, pato la mwaka mzima la watu zaidi ya 50 lilihitajika ili mtu mmoja asome kwa mwaka mmoja.

Hotuba hiyo hutajwa mara nyingi na wanahistoria wa elimu kwa ajili ya ujumbe wake wa kimaadili, yaani wajibu wa msomi kwa wale waliomlipia. Mara chache huulizwa pauni 1,000 zile zilipatikanaje. Ndani yake mlikuwa na nini? Mshahara wa mhadhiri ulihesabiwa wote, au ile sehemu tu aliyoitumia darasani? Kitanda na mlo vilikuwemo? Majengo yenyewe yaliyokuwa yakizinduliwa siku ile yalihesabiwa? Maswali haya ni ya kihasibu, lakini majibu yake ndiyo yaliyoamua, katika miaka sitini iliyofuata, nani asome na nani alipe. Mwandishi wa makala hii ni mtafiti wa lugha, si mhasibu. Anayaendea maswali hayo kupitia maneno, kwa kuwa tarakimu za vyuo vikuu huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa na kumfikia mzazi kwa Kiswahili, na katika safari hiyo kuna kinachopotea.

Asili ya kipimo

Wazo la kupima kazi ya chuo kikuu kwa kizio kimoja lina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1910 Taasisi ya Carnegie ya Kuendeleza Ualimu, nchini Marekani, ilichapisha ripoti ya mhandisi Morris Cooke, mfuasi wa Frederick Taylor, aliyekuwa amechunguza idara za fizikia katika vyuo kadhaa vikiwemo Harvard, Columbia na Toronto. Cooke alipendekeza kizio alichokiita saa ya mwanafunzi: saa moja ya mhadhara, maabara au mazoezi kwa mwanafunzi mmoja. Mhadhara wa saa moja wenye wanafunzi 80 ni saa 80 za mwanafunzi. Ukigawa matumizi ya idara kwa jumla ya saa hizo, unapata bei ya kuzalisha saa moja. Wanataaluma wengi walikasirika, na si vigumu kuelewa sababu, kwani Cooke aliwatazama maprofesa kama mafundi wa kiwandani. Hata hivyo kizio chake kilikuwa na sifa moja ambayo itatufaa mbele: kilihesabu mafundisho pale yalipotolewa, bila kujali jina la mwanafunzi limesajiliwa katika kitivo gani.

Ugumu ambao Cooke hakuumaliza, wala hakuna aliyeumaliza baada yake, ni ule wa gharama za pamoja. Maktaba inamhudumia mwanafunzi wa sheria na wa udaktari. Profesa huyohuyo hufundisha, hutafiti na kusimamia tasnifu, pengine katika asubuhi moja. Kiwanda cha viatu kinaweza kusema jozi moja imekula ngozi kiasi gani. Chuo kikuu hakiwezi kusema kwa uhakika wa namna hiyo kwamba shahada moja imekula kiasi gani cha maktaba. Kila mgawanyo ni makubaliano. Tena chuo kisicholenga faida hakina soko la kukisahihisha. Mwanauchumi Howard Bowen alieleza mwaka 1980 kwamba vyuo vya aina hii hukusanya fedha zote vinazoweza kukusanya na kutumia zote vilizokusanya, hivyo gharama yao hufuata mapato. Anayetaka kujua kwa nini chuo fulani kinatumia kiasi fulani kwa mwanafunzi mmoja, kwa maoni ya Bowen, aanze kwa kuuliza kimepata kiasi gani.

Suala la majengo linastahili kutajwa hapa. Katika uhasibu wa mifuko ambao vyuo vingi viliurithi, jengo lililotolewa kwa ruzuku halikugharimu kitu baada ya kukamilika. Uchakavu haukuandikwa. Nchini Marekani kwenyewe, vyuo vikuu binafsi visivyolenga faida vilitakiwa kuuandika kwa kanuni iliyotolewa mwaka 1987, tena baada ya ubishi mkali. Kwetu, Jengo Kuu la Makerere lilikamilika mwaka 1941 na kutumika kwa takriban miaka themanini kabla ya kuteketea kwa moto Septemba 2020. Katika muda huo wote, gharama ya jengo lile kwa mwanafunzi mmoja ilikuwa sifuri katika hesabu nyingi zilizotumika kupanga ada.

Kutoka London hadi Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki

Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949 kwa uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Vyuo vya namna hii, vilivyotokana na mapendekezo ya Tume ya Asquith ya mwaka 1945, vilijengwa kwa dhana kwamba mwanafunzi ataishi chuoni. Mabweni, majiko, wafuaji na viwanja vya michezo havikuwa nyongeza ya elimu bali sehemu ya elimu yenyewe. Wahadhiri walitoka ng'ambo, na waliajiriwa pamoja na tiketi zao za meli, likizo zao na nyumba zao. Wanafunzi walikuwa wachache. Ukigawa matumizi makubwa yasiyobadilika kwa idadi ndogo ya watu, lazima upate tarakimu kubwa.

Pauni 1,000 za mwaka 1964, basi, zilikuwa gharama ya wastani ya chuo kichanga kilichokuwa bado kinajaza vyumba vyake. Hazikuwa gharama ya kumwongeza mwanafunzi mmoja zaidi, ambayo bila shaka ingekuwa chini sana, kwa sababu mhadhiri na ukumbi walikwisha kulipiwa. Mhasibu yeyote anaijua tofauti hii. Mwalimu hakuihitaji kwa hoja yake: yeye hakuwa akipanga ada, kwani mwanafunzi hakutozwa. Alikuwa akitaja deni. Kwa deni, wastani unatosha.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa kuunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kinaweza kusomwa kama jaribio kubwa la kupunguza wastani huo. Vitivo vya gharama kubwa havikurudiwa: udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi, usanifu majengo na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kwa uhasibu mtupu mpango huu ulikuwa wa busara. Lakini gharama ilihesabiwa kwa eneo zima ilhali faida ilihesabiwa nchi kwa nchi, na kila serikali ilitaka kuwa na wahandisi wake na madaktari wake nyumbani. Mwaka 1970 muungano ulivunjika, vyuo vitatu vikawa vyuo vikuu vitatu, na kila nchi ikaanza kulipia peke yake kile ambacho zilikuwa zikilipia pamoja.

Uwiano unageuka hoja

Katika miaka ya 1980 tarakimu ileile ilipata kazi mpya. Benki ya Dunia, katika machapisho yake ya mwaka 1986 na 1988 kuhusu ugharimiaji wa elimu, ilitumia uwiano kati ya gharama ya mwanafunzi wa chuo kikuu na ya mtoto wa shule ya msingi ili kuonyesha kwamba serikali za Kiafrika zilikuwa zikitumia fedha nyingi mno kwa wachache. Kwa sura, hoja hii inafanana na ya Mwalimu. Kwa hatima inatofautiana nayo kabisa. Mwalimu alitaka msomi ailipe jamii kwa kazi. Benki ilitaka familia iilipe hazina kwa fedha taslimu. Na sasa ile dosari ya wastani, ambayo mwaka 1964 haikuwa na madhara, ikawa na madhara. Mara tarakimu inapotumiwa kupanga kiasi cha kulipwa, swali la kama mlo, kitanda na utafiti wa profesa vimo ndani yake linakuwa swali la mfuko wa mzazi.

Nchini Uganda utekelezaji ulianza kwa posho. Mwezi Desemba 1990 wanafunzi wa Makerere waligoma kupinga kuondolewa kwa posho zao, na wanafunzi wawili wakauawa kwa risasi za polisi. Kifo hicho kinapaswa kukumbukwa katika historia yoyote ya uhasibu wa vyuo vyetu, kwa kuwa mstari wa bajeti uliofutwa ulikuwa mdogo na uliandikwa kana kwamba hauna mwenyewe.

Kilichofuata Makerere kimeelezwa kwa kina na Mahmood Mamdani katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu wasomi sokoni. Kuanzia mapema miaka ya 1990 chuo kiliruhusu wanafunzi wanaojilipia, kwanza katika programu za jioni za sheria na biashara. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa kama 7,000, ilipita 30,000 katikati ya miaka ya 2000. Ada iliyokusanywa iligawanywa kati ya makao makuu ya chuo na kitivo kilichoileta. Hapa ndipo penye jambo la kihistoria: kiwango cha ada hakikutokana na hesabu ya gharama. Kilitokana na kile ambacho familia za Kampala zingekubali kulipa, kisha hesabu ikafanywa kwa kurudi nyuma. Vitivo visivyohitaji maabara viligundua kwamba mwanafunzi wa ziada huwagharimu kidogo na huwaletea kingi. Vikabuni kozi zenye majina ya kuvutia, vikagombea wanafunzi, vikafundishiana kwa shingo upande. Sayansi na kilimo, ambavyo kemikali na mashamba havikubali kubanwa, vikabaki nyuma. Maelezo ya Bowen yalitimia katika mazingira ambayo mwenyewe hakuyafikiria.

Shilingi 16,000

Kenya ilichukua njia nyingine, na kwa mtafiti ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Katika miaka ya 1990 serikali iliweka gharama ya mwanafunzi mmoja kuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 86,000 zilikuwa za masomo: hazina ilitoa 70,000 na mwanafunzi 16,000. Zilizobaki zilikuwa za kujikimu, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995 ili kuwakopesha wasiojiweza. Tarakimu ilikuwa moja kwa wote. Daktari wa baadaye aliyepasua maiti katika maabara na mwanafunzi wa fasihi aliyebeba riwaya mkononi walihesabiwa kuwa na gharama sawa.

Zile 16,000 zilidumu kwa takriban miongo mitatu. Thamani ya shilingi ilishuka, mishahara ikapanda, bei ya umeme ikapanda, karo ikasimama palepale. Mwanya uliozibwa na nani? Kuanzia mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua programu sambamba, ulizibwa na wanafunzi wanaojilipia. Ada yao ilipita mbali gharama ya kuwaongeza darasani, na ziada ikabeba wale wa serikali. Hesabu za vyuo hazikuuonyesha msaada huu wa ndani, kwa kuwa hapakuwa na daftari lililotenganisha gharama za kundi moja na za jingine.

Ulionekana ulipokatika. Mageuzi ya mtihani wa sekondari wa mwaka 2016 yalipunguza takriban kwa nusu idadi ya watahiniwa waliopata alama ya kujiunga na chuo kikuu, na serikali ikawa na uwezo wa kuwapa nafasi wote. Programu sambamba zikanyauka. Wahadhiri, majengo na kampasi za miji midogo zilizofunguliwa wakati wa neema zilibaki na gharama zake zilezile. Wakati huohuo mfumo wa gharama tofauti kwa kila kundi la programu, uliotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ulikuwa ukianza: udaktari ulipewa uzito wake, sanaa uzito wake, na hazina ilitarajiwa kubeba asilimia 80. Njia ya kuhesabu hatimaye ilikuwa nzuri. Fedha hazikufika kwa kiwango kilichoahidiwa, na vyuo vikalimbikiza madeni. Mwaka 2023 ulitangazwa mfumo mwingine, unaogawa gharama ya programu kati ya ufadhili, mkopo na familia kwa kadiri ya uhitaji. Wazazi wengi waliona kwa mara ya kwanza gharama kamili kwenye barua ya mwanawe, wakashtuka, na mfumo ukaishia kubishaniwa mahakamani. Wengi walidhani elimu imepanda bei ghafla. Kilichotokea ni kwamba bei iliyokuwa imefichwa ilisomwa hadharani.

Neno kuchangia

Tanzania ilianza mpango wake mwaka wa masomo 1992/93, kwa awamu, na jina lake kwa Kiswahili likawa uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Bodi ya mikopo ilifuata kwa sheria ya mwaka 2004. Tafsiri hiyo imeenea hata nje ya mipaka ya Tanzania, na haina budi kutazamwa kwa makini.

Kuchanga ni kitenzi cha hiari na cha wengi: watu huchanga kwa ajili ya harusi, msiba, ujenzi wa zahanati. Mwenye shughuli hubaki kuwa mwenye shughuli, na mchango humsaidia. Ukisema mzazi anachangia gharama, umesema kwamba shughuli ni ya dola na mzazi anaongeza chake. Katika programu za kujilipia mzazi huyohuyo alibeba gharama yote, na wakati mwingine ya mwenzake pia, lakini kitenzi hakikubadilika. Jambo jingine ni la kinyume. Hata katika mchango wa harusi kuna kamati, kuna bajeti, na bajeti husomwa: ukumbi kiasi fulani, chakula kiasi fulani, muziki kiasi fulani. Anayechanga anajua jumla. Tumelichukua neno kutoka sebuleni tukaiacha kanuni yake huko.

Majina mengine nayo yana historia zake. Tanzania husema ada, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya desturi, na kwa kweli ada za vyuo vyetu zimekuwa za desturi zaidi kuliko za hesabu. Kenya husema karo. Burundi na Kongo husikika minervali, kutokana na Kifaransa, jina la kale la malipo ya mwalimu. Gharama yenyewe ilitoka katika Kiarabu ikiwa na maana ya fidia au faini. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalotofautisha kile ambacho chuo kimetumia na kile ambacho mwanafunzi ametozwa. Katika mazungumzo ya kawaida, na hata katika taarifa za habari, gharama ya kusoma udaktari humaanisha ada ya kusoma udaktari. Pendekezo la makala hii ni kwamba istilahi za sera zitenge waziwazi gharama ya kufundisha, ada ya kutozwa na ruzuku, na kwamba kila tarakimu ya gharama iambatane na maelezo kama ni ya wastani au ya kumwongeza mmoja.

Mwanafunzi wa idara ya Kiswahili ni nani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Idara ina mishahara ya shilingi milioni 60 kwa mwaka. Ina wanafunzi 12 waliosajiliwa kusoma shahada ya Kiswahili, kila mmoja akichukua kozi 10 za saa 45 katika mwaka. Idara hiyohiyo inafundisha kozi moja ya saa 45 kwa wanafunzi 400 wa ualimu, waliosajiliwa katika kitivo cha elimu. Kwa njia ya usajili, milioni 60 zinagawanywa kwa 12, na kila mwanafunzi anaonekana kugharimu milioni 5. Ripoti ya namna hii ikifika mezani pa baraza la chuo, idara itapendekezwa kufungwa au kuunganishwa.

Kwa saa za mwanafunzi za Cooke hesabu ni nyingine. Wale 12 wanachukua saa 5,400. Wale 400 wanachukua saa 18,000. Jumla ni saa 23,400. Sehemu ya wanafunzi wa shahada ya Kiswahili ni takriban asilimia 23 ya mishahara, yaani takriban shilingi milioni 1.15 kwa kila mmoja. Mishahara ni ileile, na wahadhiri ni walewale. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani ahesabiwe.

Njia ya pili nayo ina upungufu wake. Inamlinganisha mwanafunzi anayesikiliza mhadhara katika ukumbi wa watu 400 na yule anayeandikiwa maoni ukingoni mwa tasnifu yake, na haina mahali pa kuweka utafiti wa lahaja, uandaaji wa kamusi au kazi ya istilahi ambayo vyombo vya serikali huiomba idarani bila malipo. Upungufu huo unaweza kupunguzwa kwa kutoa uzito tofauti kwa mhadhara, semina na usimamizi wa tasnifu, na kwa kuandika muda wa utafiti katika kasma yake. Wenzetu wa Uingereza hukusanya taarifa za matumizi ya muda wa wahadhiri kwa ajili hii, na wahadhiri wao hulalamika kuzijaza kama ambavyo sisi tungelalamika.

Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi na sifa zake wavuke mipaka kwa urahisi. Tangu hapo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia zimejiunga na Jumuiya. Mwanafunzi anayetoka Bujumbura kwenda Kampala, au Goma kwenda Dodoma, anabeba swali lililouvunja muungano wa mwaka 1963: gharama yake ni ya nani, na imehesabiwa kwa njia ipi? Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake Kampala na Kamisheni ya Kiswahili ina yake Zanzibar. Jedwali moja la istilahi za gharama, lililokubaliwa na vyombo hivyo viwili pamoja na wahasibu wa vyuo vyenyewe, lingetakiwa kuandikwa kabla ya jedwali lolote la ada ya pamoja.